Wali wa Maji ya Bahari

Ujumbe uliingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa siku ya Jumanne, na kufikia Ijumaa hapakuwa na mtu Mbololo ambaye hakuwa ameusikia. Aliyeutuma ni Mzee Obadiah, mzee wa kanisa, ambaye hutuma kila kitu: matangazo ya mazishi, bei ya pojo, maonyo kuhusu ndovu. Safari hii alikuwa ametuma kipande cha gazeti. Watafiti wa Pwani, kiliandika, wamegundua kuvu inayoota kwenye magogo yaliyozama baharini, yenye kemikali inayozuia virusi vya homa ya ini. Chini yake mzee alikuwa ameongeza kwa herufi kubwa: DADAKE MUASYA NI MMOJA WAO. MUNGU HALALI.

Kathini, dada mwenyewe, aliposhuka Voi Jumamosi asubuhi, kijana wa bodaboda alimtazama mkoba kabla ya kumtazama uso.

"Dada, umembebea?"

"Nimembebea nani nini?"

"Si ile dawa ya kuvu," kijana akasema, akawasha pikipiki.

Alimkuta kaka yake ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, amevaa sweta, na jua la Mbololo tayari lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati. Muasya alikuwa fundi wa pampu za maji. Miaka kumi na minane alikuwa ameshuka visimani na kunyoosha mabomba yaliyokanyagwa na ndovu, na mikono yake bado ilikuwa ya fundi. Tumbo halikuwa lake. Lilikuwa limejaa maji, limesukuma sweta mbele, na macho yake yalikuwa ya manjano hata kivulini.

"Daktari wa kuvu amefika," alisema. "Iko mfuko gani?"

"Haiko mfuko wowote, kaka. Ulisoma habari yote au kichwa tu?"

"Yote. Mara mbili. Inaua virusi."

"Inavizuia. Kwenye chembe za ini tunazozikuza kwenye kisahani. Si kwenye ini la mtu."

"Ini ni ini."

"Si hivyo. Tuna miligramu kumi na moja nukta nne. Nikikuwekea kwenye kijiko hutaiona. Hatujampa hata panya."

"Basi nipeni mimi kabla ya panya. Panya ana haraka gani?"

Mkewe, Mutindi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, alicheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu wenzake hawakucheka.

"Miaka mingapi?" Muasya akauliza.

"Kumi. Dawa ikifika. Nyingi hazifiki."

"Huwezi kusema mitano, hata kwa heshima tu?"

"Si mitano," Kathini alisema.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Katika maabara walimpenda kwa sababu hakukadiria. Alichopima ndicho alichoandika, pamoja na nukta yake. Alimwuliza kaka yake kama anameza vidonge vya hospitali kila siku. Anameza. Alimkumbusha maneno ya daktari: vidonge vitavizuia virusi, lakini sehemu ya ini iliyokauka hairudi, asiguse pombe, apunguze chumvi mpaka chakula kisiwe na ladha, asimeze mitishamba ya mtu yeyote. Akifanya hayo anaweza kupata miaka. Daktari hakusema mingapi.

"Kwa hiyo umekuja na nini?" Muasya aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

Kathini alikuwa amekuja na ndizi na mkate wa siagi. Alisema hivyo.

* * *

Alasiri alimsaidia Mutindi kuchambua mahindi yaliyokobolewa ya kupika muthokoi. Mutindi alikuwa mpishi katika shule ya upili ya bweni, akilisha wasichana mia nne na ishirini kwa siku, na vidole vyake vilichambua bila msaada wa macho. Punje nyeupe ziliingia kwenye ungo. Zile zenye doa la kijani au za manjano yasiyo ya kawaida zilitupwa kwenye kopo la maziwa.

"Za kopo ni za kuku?" Kathini aliuliza.

"Wifi! Hizo ni za choo. Kwetu Makueni, ule mwaka wa elfu mbili na nne, tulizika baba mdogo na watoto wake wawili kwa mahindi ya rangi kama hiyo. Tangu hapo nyumbani mwangu, kitu chenye ukungu hakipewi hata kuku."

Kisha, bila kuinua uso, akauliza: "Na hiyo yenu. Mnaikuza kwa kitu gani?"

Miaka tisa Kathini alikuwa akifanya kazi ile, na hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumwuliza zaidi ya mshahara. Akaeleza kwa furaha iliyomshangaza yeye mwenyewe. Hukuzwa kwa wali.

"Wali huu huu wa kula?"

"Huo huo. Gramu mia za mchele, mililita mia na kumi za maji ya bahari. Tunapika ndani ya chupa, kwa mvuke."

"Mchele gani?"

"Ule wa bei ya chini."

"Utavurugika," Mutindi alisema. "Ungetumia wa Mwea, maji ungepunguza kidogo." Akavuta daftari lake la jikoni, ambamo aliandika vipimo vya maharagwe na mafuta ya shule. "Kwa nini maji ya bahari?"

"Kuvu hii imezoea chumvi. Ukiinyima, inaota lakini haitengenezi ile kemikali."

"Halafu?"

"Unaacha upoe. Unafunika mdomo wa chupa kwa kitu kinachopitisha hewa lakini hakipitishi vumbi. Unaweka gizani siku ishirini na moja, mpaka wali wote ufunikwe."

"Na dawa inakaa kwenye kuvu au kwenye wali?"

Lilikuwa swali zuri. Wanafunzi wa chuo huchukua mwaka kulifikia.

"Inatoka kwenye kuvu, inaingia kwenye wali," Kathini alisema. "Tunachukua vyote viwili."

Mutindi aliandika, akapiga mstari chini, akarudi kwenye mahindi yake.

* * *

Wiki saba baadaye Mutindi alipiga simu saa kumi na mbili asubuhi.

"Wifi, kuja. Anaongea na watu wa pampu, na hakuna mtu."

Kathini aliingia Mbololo kabla ya saa sita. Muasya alikuwa amelala, ngozi imepata rangi ya majani ya ndizi yaliyokauka, mikono ikipapatika kila alipoinyoosha. Alimtambua dada yake, akamwita kwa jina la mama yao, kisha akajisahihisha. Chumba kilikuwa na harufu. Haikuwa ya ugonjwa. Kathini aliijua kama mtu anavyoijua harufu ya ofisi yake, na kwa muda akadhani ameibeba yeye kwenye nguo.

"Mutindi. Nini kinanuka?"

Wifi yake alivuta pazia la rafu, bila kificho, kwa namna ya mwanafunzi anayeonyesha kazi aliyoifanya vizuri. Kulikuwa na chupa tano kubwa za jemu kutoka jikoni mwa shule, zimefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi na kufungwa kwa mpira. Mbili zilikuwa tupu. Tatu zilikuwa na wali, na juu ya wali kulikuwa na zulia laini, kijani kinachoelekea manjano. Chini ya rafu ulisimama mtungi wa manjano wa lita ishirini.

"Nilikwenda Mombasa mwenyewe," Mutindi alisema. "Hukuwa na habari. Nikashuka ufukweni kwa hoteli moja, askari akanifukuza. 'Mama, chumvi imeisha dukani?' Mwenzake akasema, 'Mwache, ana jini anayetaka kuogeshwa kwa maji ya bahari.' Mimi, mama wa ushirika! Nikanyamaza, nikasema ndiyo, nina jini. Wakaniacha nijaze. Kurudi, kwenye kizuizi barabarani, polisi wakashusha mtungi. Wakasema ni chang'aa. 'Kunywa tuone.' Nikanywa, gari zima likinitazama. Nikatapika hapo hapo kwenye viatu vyangu. Wakacheka, wakaniruhusu."

"Umempa kiasi gani?"

"Vijiko viwili. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Chumvi nakumbuka amekatazwa, ndiyo sababu sikuzidisha. Wiki ya kwanza alipata nguvu, wifi. Alitembea mpaka kwa Mzee Obadiah. Leo ni siku ya kumi na tisa."

Kathini aliishika chupa kando ya dirisha, akaigeuza. "Mbegu uliitoa wapi?"

"Mbegu gani?"

"Kuvu yenyewe. Uliyoipanda."

"Ilikuja. Si iko ndani ya maji ya bahari?"

"Haiko kwenye maji. Tunaitoa kwenye friji, tunaipanda juu ya wali kwa sindano. Bila hiyo, kitakachoota ni chochote kilichokuwa hewani."

Mutindi alikwenda jikoni, akarudi na daftari. Alilifungua, akamwekea mbele. Mchele, gramu mia. Maji ya bahari, mililita mia na kumi (kwa wa Mwea mia moja). Mvuke. Poza. Funika, hewa ipite, vumbi lisipite. Giza, siku 21. Dawa iko kwa vyote viwili.

"Nionyeshe uliposema mbegu."

Kathini alisoma ukurasa mara mbili. Kila tarakimu ilikuwa sahihi. Kati ya neno *poza* na neno *funika* kulikuwa na nafasi isiyotoshea hata unywele, na hapo ndipo kazi yake yote ilipokaa. Hakuisema, kwa sababu mtu hasemi kwamba ili kuvuna mahindi lazima upande mahindi.

"Sikusema," alikubali.

"Basi pengine ni ile ile," Mutindi alisema. "Utajuaje kwa macho tu? Wewe si hupima?"

Ni kweli kwamba haijulikani kwa macho. Kuna kuvu nyingi za kijani. Kathini alijua, lakini kujua kwa aina hiyo hakukubaliki maabara, na hakutaka kuutumia ujuzi huo pale.

"Usimpe tena mpaka nipime," alisema. Akafunga chupa moja ndani ya karatasi mbili za nailoni. Mutindi alimsaidia kufunga, kwa uangalifu, kama anayefunga zawadi.

* * *

Hospitalini Voi walikaa kwenye benchi saa nne. Karani alimwuliza Muasya jina mara tatu, na mara ya tatu Muasya alitaja aina ya pampu. Vijana wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mutindi alimfuta mumewe mate kwa kona ya leso, akaigeuza leso ili upande safi uonekane.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, aliyechoka, mwenye sauti ya upole. Alibonyeza tumbo, akamwambia Muasya anyooshe mikono, akatazama namna ilivyopapatika.

"Mmempa dawa yoyote ya kienyeji?"

Mutindi alitazama sakafu. Kathini alisubiri, akahesabu moyoni mpaka tano, kisha akasema: "Wali wenye kuvu. Vijiko viwili kwa siku, siku kumi na tisa. Aina haijathibitishwa."

Daktari aliandika mstari mmoja. Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ndiyo iliyomfikisha hapa?" Kathini aliuliza.

"Siwezi kusema. Ini kama hili huweza kuanguka lenyewe, hata kwa mafua. Na huweza kusukumwa."

"Ikithibitishwa ni sumukuvu, mtabadilisha matibabu?"

"Kwa kitu gani? Hiyo haina dawa. Tutampa tunachompa kila mtu." Akafunga kalamu. "Ningejua siku ya kwanza ningewaambia mwache. Leo kujua hakunisaidii kitu."

Kathini hakuwahi kuambiwa sentensi kama hiyo. Alifundishwa kwamba ukweli, hata ukichelewa, una kazi ya kufanya. Alitafuta kazi ya ukweli huu kwenye ukuta wa hospitali, kati ya bango la chanjo na saa iliyosimama, asiipate.

* * *

Siku ya tatu wodini akili ya Muasya ilirudi kwa asubuhi moja. Mutindi alikuwa amekwenda shuleni kuomba ruhusa ya wiki nyingine. Mara ya mwisho mwalimu mkuu alimwuliza mbele ya wapishi wenzake kama mumewe huugua kwa ratiba.

"Umepima?" Muasya aliuliza.

"Niliituma maabara. Matokeo ni kesho."

"Mimi sihitaji mashine. Mimi ni mtoto wa Ukambani. Harufu ya ukungu ule wa mahindi naijua."

Kathini aliweka kikombe chini. "Ulijua? Na ukala?"

"Kijiko cha kwanza nilijua."

"Kwa nini hukukataa, Muasya? Kwa nini hukunipigia?"

Muasya alijivuta juu ya mto.

"Wewe nilikuuliza umekuja na nini," alisema. "Ukasema ndizi. Sikulaumu, ulisema kweli. Yule alikuja na kitu. Alikunywa maji ya bahari mbele ya polisi. Anashika kijiko, ananitazama mdomo. Ungekuwa wewe ungefunga mdomo?"

Kathini alikichukua tena kikombe.

"Usimwambie," Muasya alisema. "Karatasi ikisema vibaya, usimwambie. Atabaki na watoto wetu, Shanice na Tom, na masufuria ya watu mia nne. Asiongezewe mzigo wa kunibeba mimi pia."

"Mimi sifichi matokeo."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Jioni alianza tena kuwaita watu wa pampu. Alikufa Alhamisi, akimweleza mtu kwamba bomba limepasuka chini na si juu, na kwamba hakuna haja ya kubomoa tangi.

* * *

Matokeo yalikuwa yamefika tangu Jumatano. Kikomo cha sheria cha sumukuvu kwenye nafaka ni mikrogramu kumi kwa kilo. Karatasi ilisema elfu themanini na sita na mia tatu. Ile kemikali ya maabara haikuonekana kabisa. Kathini aliikunja mara nne na kuiweka kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, akahudhuria nayo mazishi, ambapo Mzee Obadiah aliomba Mungu awaharakishe watafiti wetu ili wengine wasichelewe, na watu wakasema amina huku wakimtazama.

Siku ya tano baada ya mazishi wageni walikuwa wamepungua. Viti vya kukodi vilirudishwa. Shanice na Tom walikuwa wamelala mchana, jambo ambalo watoto wa umri wao hawalifanyi. Mutindi alikuwa akisafisha. Alitoa godoro nje, akaosha beseni, akavuta pazia la rafu. Akatoka na chupa mbili zilizobaki, akaziweka kwenye kizingiti kati yake na Kathini.

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Ilikuwa ile?"

Mkoba ulikuwa mapajani. Kathini aliweza kuihisi karatasi kupitia kitambaa, mikunjo yake minne. Kwa miaka tisa alikuwa amesoma matokeo kwa sauti mbele ya watu waliotarajia kitu kingine, na hakuwahi kubadilisha hata nukta.

"Haikuwa ile," alisema.

"Ilikuwa nini?"

"Haikuwa kitu. Ulikuwa wali tu."

Ni uongo wake wa kwanza wa kazi, na aliusema vizuri, kwa sauti ile ile ya tarakimu. Mutindi aliitikia kwa kichwa polepole. Mabega yake yalishuka kidogo. Pumzi iliyokuwa imekwama tangu benchi la hospitali ikapata njia.

"Kwa hiyo haikumsaidia."

"Haikumsaidia."

"Wala haikumdhuru."

Kathini alitazama mtungi wa manjano uliokuwa bado chini ya rafu, umejaa zaidi ya nusu. "Wala haikumdhuru," alisema.

"Nilikuwa silali," Mutindi alisema. "Yule daktari alivyoandika na asiseme kitu. Nilikuwa nalala macho wazi, wifi." Akajifuta uso kwa kiganja, akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alikuwa na sura ya mtu mwenye kazi ya mikono. Alichukua chupa moja, akafungua mpira, akatoa kitambaa na kukikunja, kwa sababu kilikuwa bado kizuri. Akachungulia ndani.

"Mchele wa Mwea huu," alisema. "Kama umepima ukakuta ni wali tu, usiharibike bure."

Akapiga kelele ya kuita kuku. Walitoka nyuma ya choo wakikimbia, sita, na jogoo mmoja, wakakusanyika miguuni pake. Akainamisha chupa.

"Usiwape," Kathini alisema.

Ilitoka kabla hajaipima.

Mkono wa Mutindi ulibaki hewani. Alitazama chupa. Alimtazama wifi yake, macho yakaenda mdomoni mwake na kukaa hapo, yakisubiri. Kathini aliuvuta mkoba karibu na tumbo. Kuku walikuwa wakiparuza vidole vya miguu ya Mutindi.

Taratibu akainua chupa ikasimama wima, akawafukuza kuku kwa mguu. Akakikunjua kile kitambaa, akakirudisha mdomoni mwa chupa, akavuta mpira juu yake. Akahakikisha vumbi haliwezi kupita.